Simu Ilipitaje Kwenye Chujio?

Landless, Thika
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwa okewa wangu Mitchell Akoth, binti ya dada yangu Benta,

Nakusalimu, na ukimaliza kusalimiwa umsalimie Njau mume wako, halafu umsalimie huyo mtoto mchanga ambaye bado sijamwona lakini nasikia ana paji la uso langu. Watu watasema ni la Njau. Wewe nyamaza tu, muda utaonyesha. Nasikia mmempa jina la mama ya Njau, Mumbi, kama desturi ya huko ulikoolewa. Sina neno. Ila kwa wa pili, Tobias ni jina linalokaa kwa mtu yeyote, hata msichana.

Mimi ni mzima kupita kiasi. Daktari wa hapa Landless alinipima presha, akaangalia mashine yake, akaangalia mimi, akapima tena. Akasema hajawahi kuona presha imetulia hivyo kwa mtu aliye hai.

Utashangaa kupata barua siku hizi. Simu yangu ilikufa maji. Nilikuwa nimeinama juu ya tanki la mashine kazini, nakoroga dawa, simu ikachomoka mfuko wa shati ikazama. Ililia mara moja ikiwa huko chini, nadhani ni mama yako alikuwa anapiga. Kwa hivyo barua zitakuja na Kaleli, yule kijana wa Kamenu anayepeleka mayai Ruiru kila Alhamisi na pikipiki. Zikinuka mayai, sio mimi.

Sasa, kazi. Unajua nilishakuwa mkubwa wa dawa katika shamba la matofaa la Mwalimu Emmah, hapa nje kidogo ya Thika. Hii mashine niliyopewa, okewa, ungeiona ungerudi nyumbani kuvaa vizuri kwanza. Inavutwa na trekta. Nyuma ina feni kubwa kama ya ndege, inapuliza dawa ikawa ukungu, ukungu unafunika mti mpaka chini ya jani ambako wadudu hujificha. Tanki lake nikitaka kujua kama limejaa napanda ngazi. Mwezi jana nilifungulia feni kidogo tu, namba moja, ukungu ukavuka mto na mbuzi za Kiama, jirani wa ng'ambo, zikapona upele. Aliniletea jogoo wa shukrani. Jogoo mwenyewe alikuja akipiga chafya.

Lakini nikwambie, ujuzi hauko kwa mashine. Uko kwa mwendo. Ukikimbia unaacha wadudu nyuma wakicheka, ukikawia unafua mti kama nguo. Mimi huimba. Ule wimbo wa kupeleka sadaka, ubeti mmoja kwa mti mmoja. Ubeti ukiisha umemaliza kuuzunguka.

Nitakuja kumwona mtoto nikiwa juu ya trekta, na mashine nyuma. Mwambie mama mkwe wako asishtuke.

Mimi nera yako, mjomba wako anayeogopwa na wadudu,
Tobias


Ruiru
17 Machi 2024

Kwa nera Tobias,

Shikamoo. Barua ilifika na ute wa yai kwenye kona, lakini inasomeka. Huku tuko salama. Njau anakusalimu, yuko zamu ya usiku kiwandani wiki hii, kwa hivyo analala mchana na sisi tunatembea kwa vidole. Mtoto ameongezeka mpaka mashavu yamefunika shingo. Paji la uso tumeliangalia vizuri. Ni la Njau, nera. Pole.

Mama Benta alikuja kutoka nyumbani, akakaa siku chache, na kila asubuhi aliuliza, "Na huyo ndugu yangu wa Thika, ako umbali gani hivyo?" Nikasema kazi ni nyingi. Akasema, "Thika kuja Ruiru hata kuku anaweza kutembea."

Sasa nera, nina shida, na naona ni Mungu amekupa hiyo mashine.

Nyuma ya nyumba kuna matofaa ambayo mama mkwe alipanda na mzee wake kabla hajafariki. Safu tano. Mzee alizichimbia mashimo akiwa ameshaanza kuumwa, kwa hivyo Mami, ndivyo namwita mama mkwe, akiingia huko huongea na miti kama anaongea na yeye. Lakini tangu mvua ianze, majani yamejikunja na yana unga mweupe, kama mtu amepita akipepeta ngano juu yao. Mwaka jana matunda yalitoka na madoa, hata nguruwe wa jirani alichagua.

Na Mburu, ndugu mkubwa wa Njau, anataka kung'oa yote ajenge nyumba za kupangisha. Ruiru yote imejenga, anasema, sisi tunafuga majani. Ameshaleta mawe, yako hapo kwa gate. Alimwambia mama yake mbele yangu: "Msimu huu mmoja, maitu. Yakitoka na madoa tena, naleta fundi." Mami akakubali, lakini usiku ule hakula.

Nikawasomea barua yako. Nera, ungemwona Mami. Alinifanya nirudie hapo kwa feni mara tatu. Keshoye akawaambia akina mama wote wa kikundi chao cha kanisa. Na juzi, kwa sababu uliandika trekta, wamebomoa nguzo moja ya gate ili mashine ipite. Saa hii hatuna gate. Tuna nafasi ya lori.

Unakuja lini?

Akoth


Landless, Thika
24 Machi 2024

Okewa,

Nimefurahi kusikia mtoto ana mashavu. Mashavu basi ni yangu. Dada yangu Benta mwambie mimi na yeye tutaongea, na hiyo habari ya kuku alitoa wapi. Hapa mvua ni nyingi, Landless matope yamefika mahali watu wanavuka barabara kwa kuombana ruhusa. Mwalimu Emmah hajambo, ananiuliza mambo ya shamba kila saa kwa sababu bila mimi hawezi hata kufungua mlango.

Hiyo habari ya gate imenigusa sana. Kwa nini mlikuwa na haraka hivyo?

Mashine haiwezi kuja Ruiru. Nimefikiria kwa upande wenu. Feni ikianza, nguo zote zilizoanikwa kwenye maghorofa zitahamia Juja, na mabati ya jirani mtalipa nyinyi. Pili, ilishika mafua. Mashine kubwa hushika mafua mvua ikinyesha, ni jambo linalojulikana. Tatu, polisi wa barabara kuu wananijua, nikipita watasimamisha magari mengine yote ili waangalie.

Lakini kwa kazi ndogo kama yenu, hata pampu ya mgongoni inatosha. Ni kitoto cha mashine, mimi hata sigusi, lakini nitakueleza nilivyosikia kwa wengine. Huo unga ni ugonjwa wa majani, unataka dawa ya salfa. Weka maji nusu ya tanki, mimina dawa, koroga, ongeza maji. Pitisha kila kitu kwenye chujio la mdomoni, lisipokuwepo uchafu utaziba nozo, kile kitundu cha kutolea ukungu, utakaa hapo chini ukipuliza kama unapoza uji. Vaa gambuti, glavu, funika pua. Piga asubuhi kabla jua halijakuwa kali, salfa kwa jua kali huchoma majani. Maua yakifunguka usipige kitu, waachie nyuki kazi yao. Ukungu utoke mwembamba kama chafya ya paka. Anza chini ya jani ndio uende juu. Mkono wa kushoto upige mpini pole pole bila kuacha, wa kulia uongoze. Mkanda wa bega la kushoto huuma kuliko wa kulia, weka leso hapo chini, iliyokunjwa mara mbili, na ukifika safu ya tatu badilisha upande.

Na mwendo ni ule ule. Wimbo wa sadaka, ubeti mmoja, mti mmoja.

Nera yako, aliyebanwa na majukumu,
Tobias


Ruiru
21 Aprili 2024

Nera,

Shikamoo. Barua imechelewa kwa sababu pikipiki ya Kaleli ilikufa klachi na mayai yakaenda na mtu mwingine asiyebeba barua. Huku ni wazima. Mtoto ameanza kucheka, anacheka hasa Njau akipiga chafya. Mbuzi za jirani nazo ni nzima, nakwambia kwa sababu tunaishi nazo. Mahali hakuna gate, hakuna mgeni.

Tulifanya ulivyosema, na nitakueleza usicheke.

Tuliazima pampu. Mimi nanyonyesha, kwa hivyo Mami akaniambia nisikaribie dawa, niingie ndani na mtoto, wao watafanya. Nikawapa maelezo yote dirishani. Gambuti wakavaa, pua wakafunga. Nikasema, imbeni wimbo wa sadaka, ubeti mmoja kwa mti mmoja. Nikafunga dirisha.

Nera, wewe ulikuwa unafikiria ule wa kanisa letu kule nyumbani, ule wa haraka, ambao mtu anafika mbele kabla hajaamua atatoa ngapi. Na mimi pia nilifikiria huo huo. Lakini hawa wana wao. Wa kwao sadaka haina haraka. Ubeti una mistari, mistari inarudiwa, halafu mmoja anapokea kwa sauti ya juu, wengine wanamrudishia, halafu wanarudia tangu mwanzo kwa sababu ni mtamu. Mti wa kwanza ulipigwa dawa mpaka ukawa unatiririka kama nguo iliyotolewa kwa beseni. Na hakuna aliyetaka kukata ubeti, ni wimbo wa Mungu. Pakiti yote ya salfa iliisha safu ya pili. Safu tatu zilizobaki hazikupata hata harufu.

Mburu alikuwa amesimama pale na futi ya kupimia, anapima. Akasema, "Hii ni kupiga dawa ama ni ibada ya ubatizo?" Mami alivua glavu akakaa chini ya mti.

Sasa nikuulize kitu. Walipomaliza kuosha hiyo pampu niliangalia chujio. Liko mdomoni kabisa, na matundu yake hata punje ya mchele haipiti. Na muuzaji wa duka la dawa hapa Ruiru ananiambia hata zile mashine kubwa zina la kwao, kama kikapu.

Nera, simu ilipitaje kwenye chujio?

Na leso iliyokunjwa mara mbili, safu ya tatu unabadilisha upande, hiyo ulisikia kwa nani?

Akoth


Landless, Thika
28 Aprili 2024

Okewa,

Salamu kwa wote, pamoja na mbuzi.

Nimesoma barua yako kwa kusimama. Nani duniani huimba wimbo wa sadaka pole pole? Watu wa namna hiyo ndio hufika mbele wakakuta kikapu kimeondoka. Sijaona kosa kwa maelezo yangu.

Huyo Mburu mwambie hivi, nera ya mke wa ndugu yake amesema futi airudishe mfukoni. Aliyepanda mti na aliyeleta mawe si sawa, hata kwa kuangalia tu.

Nyumba ya wakwe, okewa, ni nyumba ya heshima. Unajua kwetu. Mtu huingia kwa wakwe akiwa na koti, mikono yake iko huru, anakaribishwa kiti. Haingii na mzigo mgongoni kama kibarua wa kutafutwa stendi. Nasema tu. Sina mtu namaanisha.

Kuhusu chujio, karatasi imeisha.

Tobias


Ruiru
6 Mei 2024

Nera,

Karatasi yako ilikuwa na upande wa pili, mtupu kabisa. Nimeutumia kumwandikia Mama Benta.

Sisi ni wazima. Nitaandika kidogo.

Vichipukizi vya maua vimeanza kuwa vyekundu. Baada ya wiki hii vitafunguka na hakuna mtu atapiga tena, wewe mwenyewe ulisema. Mburu ameongea na fundi aje Jumatatu ijayo. Jana Mami alienda kwenye miti, akakaa muda mrefu, aliporudi akaniambia, "Si lazima. Watu wanahitaji nyumba pia." Akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sitaki trekta. Sitaki feni. Kila kiti nilichopewa katika nyumba hii, wewe unakistahili kuliko mimi. Njoo Jumamosi na hicho kitu chako unachobeba. Nitamwambia Kaleli akungojee.

Na uje na wimbo.

Akoth


Landless, Thika
19 Mei 2024

Okewa wangu mpendwa,

Nakusalimu tena, ingawa tumeonana, kwa sababu siku ile mambo yalikuwa mengi na salamu zilipotea katikati. Msalimie Njau, mwambie mkono wake wa kunishika ulikuwa wa mwanamume. Bibi mdogo Mumbi umwambie nera mkubwa anamkumbuka.

Nakuandikia kwa sababu ulikuwa ndani ukimwogesha mtoto, mwanzo ulikupita, na sitaki ausimulie Kaleli. Yeye anaongeza chumvi.

Tulifika jua halijatoka. Kaleli alinishusha mbali kidogo, kwa heshima. Nilikuwa nimevaa koti langu la harusi yako, tai, na gambuti. Nikavaa pampu mgongoni juu ya koti. Nikaangalia hiyo nafasi mliyobomoa. Okewa, nimepita milango mingi lakini hiyo ilikuwa pana. Akina mama walikuwa wamejipanga upande huu na upande huu, wengine na leso mpya, na katikati hapo pangepita lori mbili. Nikapita mimi.

Wote walikuwa wanaangalia nyuma yangu, barabarani.

Mama mkwe wako akaja mbele. Akaniita muthoni, jina wanaloitana wakwe huko. "Muthoni, karibu. Na mashine iko wapi?"

Mwingine angepotea hapo. Mimi nilimwangalia machoni nikamwambia, "Mama, ile inatafuta mahali pa kugeuzia. Nimetangulia na mtoto wake."

Akaangalia pampu. Akaangalia tai. Akaangalia leso iliyochungulia begani, imekunjwa mara mbili. Kitu kikapita usoni kwake, na nikajua kwamba amejua. Akasema, "Basi tusiicheleweshe. Maji yako hapa." Na akanisaidia kutua pampu na kuvua koti, akalikung'uta, akalining'iniza kwenye tawi la mti wa kwanza, mahali lionekane. Kiti akaweka chini yake, hakuna aliyekikalia siku yote. Kilikuwa changu.

Nikachanganya salfa niliyokuja nayo, nikaanza. Nikaimba wa kwetu, ule wa haraka. Mti wa kwanza walisikiliza. Wa pili wakapiga makofi. Kufika wa tatu walikuwa wanaitikia kwa maneno yao wenyewe, sijui walikuwa wanasema nini, lakini mwendo waliushika. Mmoja mnene akataka kurudia mstari kwa sababu ni mtamu, Mama akamwambia, "Bridget, songa, mti umeisha." Nikapiga chini ya majani, juu, ndani ya matawi, ukungu ukitoka kama chafya ya paka mwenye adabu. Huyo Mburu wako alikuja na futi. Pampu ikaisha maji, nikamwonyesha ndoo bila kuacha kuimba, na mtu hawezi kusimama tu watu wakiimba hivyo. Akaleta. Akaleta nyingine. Kufika safu ya nne alikuwa anaimba sauti ya chini, na ana sauti nzuri, sikutarajia.

Ulipotoka na mtoto ulikuta tumemaliza. Unajua yaliyofuata. Niliosha mikono mpaka kiwiko mara tatu, nikabadilisha shati, ndio nikampokea. Akanipigia chafya usoni. Okewa, nimeshika nozo za kila aina, sijaona ukungu mwembamba kama ule.

Paji la uso ni la Njau. Lakini chafya ni ya kwetu.

Nera yako,
Tobias


Ruiru
25 Agosti 2024

Kwa nera,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kutoka kwa Mami. Mtoto anakaa bila kushikwa, na ukiimba ule wimbo anatingisha kichwa kwa mwendo wako, si kwa mwendo wa huku. Mama Benta anasema sasa amekubali wewe ni ndugu yake.

Kaleli anakuletea sanduku. Usilifungue barabarani. Ni matofaa ya safu ya tatu, ile ambayo Aprili haikupata kitu. Tumegeuza kila tunda tukitafuta doa. Mburu mwenyewe aligeuza moja mpaka nikadhani anataka kulimenya kwa macho. Akalila lote, na mbegu. Halafu akaenda akakaa juu ya mawe yake pale nje. Kesho yake akamwita fundi, na moyo wangu ukaruka, lakini alikuwa amemwitia kijumba kidogo ukutani, cha kuwekea pampu. Ametununulia pampu, nera. Mawe yaliyobaki akataka kurudisha ile nguzo ya gate, kwa sababu mbuzi wamezidi.

Mami akakataa. "Acha hivyo hivyo," akasema. "Muthoni akija na mashine yake, itapita wapi?"

Mburu akasema, "Maitu, hakuna mashine." Akamjibu, "Wewe unajuaje? Wewe ni mtu wa mawe." Ikabidi aweke mlango wa mbao wa kufungua pande mbili, upana ule ule. Unafunguliwa upande mmoja tu. Mwingine unakungoja.

Jioni nikimsaidia kupanga matunda, akacheka peke yake muda mrefu, mpaka machozi. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Akoth, hebu niambie. Hiyo simu ilipitaje kwenye chujio?"

Sasa tunauliza wawili.

Na Kaleli anasema tangu Juni una simu nyingine, na huwa anakuona ukiongea nayo kwa sauti. Kwa nini bado unaandika?

Akoth


Landless, Thika
1 Septemba 2024

Okewa wangu,

Salamu zangu zinatoka kinywani kukiwa na tofaa. Nililila la kwanza mbele ya Mwalimu Emmah, polepole, akauliza limetoka wapi, nikamwambia limetoka kwa wakwe zangu Ruiru, wana shamba kubwa, huwa nawasimamia. Akaomba moja. Nilimpa dogo.

Mwambie Mama bawaba za mlango huo azipake mafuta, upande wa pili, zisishike kutu. Mashine imepona mafua. Wiki jana niliijaribu kidogo, feni namba mbili, na kofia ya padri mmoja wa Kamenu bado haijulikani iliko. Krismasi nitakuja nayo. Nikikosa nafasi ya kuigeuza nitatangulia na mtoto wake, kama kawaida. Koti nimeshapeleka kwa dobi.

Mburu mwambie alainishe sauti yake kwa maji ya moto na asali. Safu tano tutaimba wote, na Bridget asirudie mistari.

Umeuliza kwa nini naandika na simu niko nayo. Simu, mtu anakuuliza kitu na anangoja hapo hapo, unasikia akipumua. Barua ni ya adabu zaidi. Inamwachia mtu mzima nafasi ya kufikiria, na mahali pa kuishia.

Na kwa sababu mmeuliza wawili, na mmoja wenu ni mama mkwe, na mkwe hanyimwi jibu, basi leo nitasema. Ile siku chujio lilikuwa mahali pake, hilo nakubali, na simu ilikuwa mfukoni, na ilichotokea hasa, okewa, na umsomee Mama polepole, ni kwamba karatasi imei